Mguu wa Fundi

Daktari alikuwa kijana, na kijana akizungumza na mtu mzima kwa upole uliopita kiasi, ujue habari si njema. Aliuminya mguu wa kushoto wa Fundi kwa kidole gumba, akatazama kishimo alichokiacha kikichelewa kujaa, kisha akavuta kiti akakaa.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Cherehani ya umeme?"

"Ya kukanyaga."

Daktari akaweka kalamu chini. Akaeleza kwamba damu imeganda kwenye mshipa wa ndani, nyuma ya shavu la mguu. Bonge likitulia pale, litayeyuka taratibu kwa sindano. Likichomoka likapanda kwenye mapafu, hapo hakuna tena mazungumzo. Sindano moja kila siku, wiki sita. Mguu ulale juu ya mito. Na cherehani ifunikwe, isiguswe.

"Sindano nazijua tangu nina miaka kumi na minne," Fundi akasema. "Ila za kushonea. Hizi zako zinauzwaje?"

Daktari akamwambia. Fundi hakuuliza mara ya pili.

Mumewe alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, kofia magotini. Daktari alikuwa ameshashika kitasa aliposita, akamkazia macho.

"Samahani, mzee. Wewe si ndiye Kituo?"

"Ndiye."

"Mpiga gitaa mwenyewe? Baba yangu ana sahani zako zote za santuri, hataki tuziguse." Uso ukamfunguka. Akarudi ndani akakaa kabisa, mgonjwa akasahauliwa juu ya kitanda na mguu wake nje. "Hebu niambie, mzee. Zile nafasi unazoziacha. Unapiga noti nne, unanyamaza, mtu anabaki roho juu, halafu unarudia mahali ambapo hakutegemea. Zile unazipata wapi?"

Kituo akageuza kofia. "Ni ukimya tu, mwanangu. Nausikiliza kwanza, ndipo najibu."

Jibu hilo alikuwa ameshalitoa redioni, na kwenye magazeti mawili. Fundi alikuwa akivuta soksi kuipandisha juu ya uvimbe, na soksi ilikuwa haitaki. Hakuna aliyemsaidia.

*

Watu walimwita Kituo kwa sababu hiyo ya kusimama. Usidhani ni jambo dogo. Kabla yake, wapiga gitaa wa jazi wa mji ule walikuwa wakishindana kwa mbio. Aliyejaza noti nyingi ndiye bingwa. Yeye akaja na vidole vyake vizito, noti chache, sauti ya chini, na zile nafasi zake. Leo hata kijana anayepiga hotelini kwa chakula cha mchana anasimama hivyo hivyo, na ukimuuliza kajifunzia wapi atakutajia mtu mwingine kabisa, aliyejifunza kwa mtu aliyejifunza kwa Kituo. Sifa alikuwa nazo. Nyumba hakuwa nayo. Walipanga chumba kimoja na ukumbi mdogo, na ukumbi wenyewe ulikuwa karakana ya Fundi.

Binti yao alikuwa msusi, akiishi peke yake mtaa wa pili. Siku ile ile alivunja akiba aliyokuwa akijiwekea ili anunue mashine yake ya kukaushia nywele, akamnunulia mama sindano za siku kumi. Zilizobaki zilitegemea fedha za studio. Prodyuza mmoja alitaka sahani mpya ya Kituo, nyimbo nane, gitaa peke yake bila bendi, siku mbili za kazi. Malipo baada ya wimbo wa nane. Si wa saba. Alishawahi kutoroshewa fedha na wanamuziki, kwa hiyo sasa hakumwamini hata aliyemheshimu. Studio ilikuwa baada ya siku tisa.

"Siku tisa za mazoezi, nyumba imetulia, hakuna kelele," msusi alisema akimpangia mama mito. "Baba atang'ara."

Cherehani ikafunikwa shuka. Kituo akakaa kwenye kiti chake kilekile, mgongo ukutani, akaanza. Akapiga, akaacha, akashika nyuzi kwa kiganja. Akaanza tena. Vidole vilikuwa vizima, gitaa lilikuwa limekazwa vizuri, lakini akifika mahali pa kunyamaza hakujua anyamaze kwa muda gani. Akinyamaza kidogo, anaona aibu. Akinyamaza sana, anapotea. Basi akajaza. Siku ya kwanza akajaza kidogo, siku ya pili akajaza pote. Siku ya tatu jasho lilikuwa likimtoka kabla ya saa nne asubuhi.

Msusi aliingia na kifurushi cha mboga, akasimama mlangoni kusikiliza.

"Baba, hiyo ndiyo unayokwenda kurekodi?"

"Nafanya mazoezi."

"Mbona unapiga kama wale wa hotelini?"

Neno lile lilimwingia. Akafungua mdomo kumkaripia. Ndipo sauti ikatoka chumbani, kitandani, bila haraka.

"Mwache baba yako. Hana shati."

"Amelivaa, mama."

"Sisemi alilolivaa. Nasema la kupigia." Fundi akajiinua kwa kiwiko. "Ule wimbo wake mrefu wanaoupenda watu ni shati la shule, mikono mifupi. Kwanza ubavu, mshono mrefu; nasimama kugeuza; ubavu wa pili. Halafu makwapa, naenda kwa kudonoa kwa sababu kitambaa kinapinda. Mwisho kola. Kwenye kola ndipo watu wanapopiga makofi. Sasa cherehani imefunikwa, unataka apige nini?"

Kituo alilaza gitaa mapajani. Masikio yalikuwa yamemwaka moto.

"Ulikuwa unajua?"

"Mume wangu, nimekaa na wewe miaka thelathini na mmoja kwenye chumba kimoja. Unadhani mimi kiziwi?"

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule nilioshona magauni ya harusi mfululizo, ukatoa wimbo wa polepole. Nikausikia kwa jirani. Nikasema, ala, si pindo langu hilo?"

"Na hukusema."

"Niseme nini? Nikashitaki kwamba nimeibiwa pindo?" Akacheka kidogo, kisha cheko likamwisha. "Wewe ndiye uliyekuwa na mikrofoni. Ulipoulizwa ukasema ukimya. Nikajisemea, haya, leo nimekuwa ukimya."

Tuseme kweli: Kituo hakukusudia wizi. Walipooana chumba kilikuwa kimoja, Fundi hakuweza kuacha kazi, na gitaa lisilo na amplifaya halikuweza kushindana na cherehani. Kwa hiyo alingoja inyamaze ndipo apige, ikianza, ananyamaza. Ndivyo mtindo ulivyozaliwa, watu wawili wakipishana kwenye nafasi ndogo. Alipopanda jukwaani mara ya kwanza alinyamaza vilevile kwa mazoea, watu wakamwita fundi wa nafasi, na sifa ikishamwingia mtu ni shida kuitapika. Siku za maonyesho alikuwa akitoka nyumbani mshono bado uko masikioni. Ila hakuwahi kukaa siku tatu bila kuusikia. Hakujua kwamba unaisha.

*

Walijaribu kila njia, na sitaki msomaji adhani walikimbilia ujinga. Msusi mwenyewe alikaa kwenye cherehani akakanyaga bila kitambaa. Kituo akatikisa kichwa: gurudumu tupu halina sababu ya kusimama. Wakampa kitambaa. Akashona alichoweza.

"Hiyo foronya," Fundi akasema kutoka chumbani. "Atapiga wimbo wa kulalia."

Kituo akaenda kwenye baraza la duka wanaposhonea mafundi, cherehani kumi na mbili kwa pamoja, akarudi kichwa kinamgonga. Akaenda kwa fundi jirani mwenye ya umeme. Ile ilikuwa ikikimbia moja kwa moja, mtu wa kujibizana naye hayupo. Siku ya tano prodyuza alipita kujua hali, akaelezwa, akacheka kwanza, halafu alipoona hakuna anayecheka naye akatoa shauri la maana: mama ashone shati moja tu, warekodi mlio wake kwenye simu, mzee awe anasikiliza huo.

Fundi akashona. Shati moja, mguu wa kulia peke yake, wa kushoto ukiwa juu ya kigoda chenye mto. Kumbe inawezekana. Polepole, lakini inawezekana. Kituo alipiga huku Fundi akishona, na kwa mara ya kwanza wiki ile nyuzi zikamtii. Msusi, ambaye hakuwahi kuupenda sana muziki wa baba yake, alikaa chini akalia, na alipoulizwa akasema ni vitunguu.

Lakini walipocheza ule mlio wa simu, mara ya pili na ya tatu, Kituo alikuwa akiwahi. Alijua sindano itasimama wapi, akawa anafika kabla yake.

"Haifai," alisema. "Ukishajua mtu atanyamaza wapi, humsikilizi tena."

"Basi mama aje studio," prodyuza akasema. "Si ameweza kwa mguu mmoja?"

"Mguu mmoja, shati moja," msusi akasema. "Nyimbo ni nane. Daktari amesema cherehani isiguswe. Isi-gu-swe. Mama, ukienda huko peleka na kitambaa cheupe, ujishonee sanda kabisa, tujue moja."

"Sindano zimebaki ngapi?" Fundi akauliza.

Msusi hakutaka kusema. "Tano."

"Na za wiki zilizobaki ziko wapi?"

Prodyuza alitazama saa yake.

"Naomba utangulize kidogo," Kituo akamwambia, kwa sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia. "Za dawa tu, kijana wangu."

"Mzee wangu, nakuheshimu mno. Ningekuwa na uwezo ningekupa. Lakini nikikupa wewe, wote watasikia." Akamshika bega. "Wimbo wa nane ukiingia, unaondoka nazo siku hiyo hiyo, mkononi."

"Nitakuja," Fundi akasema. "Kuna mashati ya shule kumi nimeyakata tayari, mwalimu mkuu ananipigia simu kila siku. Huko nako nitakuwa nafanya kazi yangu. Kwani pedali inajua iko nyumba gani?"

*

Cherehani ilipelekwa kwa mkokoteni. Studio ilikuwa vyumba viwili: kimoja cha kupigia, kimoja cha prodyuza na mitambo yake nyuma ya kioo. Palikuwa na stoo pia, ya nyaya na stendi zilizovunjika, isiyo na dirisha. Fundi akawekwa huko, ili mlio wake usiingie kwenye rekodi. Wakamsimikia mikrofoni karibu na sindano, waya ukapita chini ya mlango hadi kwenye hedifoni za Kituo. Yeye peke yake ndiye angemsikia.

"Joto humu," msusi akasema.

"Feni ina kelele, dada. Tukiiwasha mzee hatasikia kitu." Prodyuza alikuwa anaandika maneno ya kasha la sahani. "Muziki wote na gitaa: Kituo. Picha tutatumia ile ya kofia."

"Na mama anaandikwa wapi?"

Prodyuza akainua macho. "Tumwandike nani? Cherehani?"

Msusi akamgeukia baba yake. Kituo alikuwa akikaza uzi wa tatu wa gitaa, uzi ambao ulikuwa umeshakazwa. Aliendelea kuukaza.

"Mwache," Fundi akasema kutoka stoo. "Mwalimu mkuu ananijua."

Siku ya kwanza ziliingia nyimbo nne. Fundi alikanyaga kwa mguu wa kulia, wa kushoto juu ya kigoda, na msusi alikaa mlangoni kama askari. Kila baada ya shati alimpima uvimbe kwa uzi aliokuwa ameufunga fundo. Fundo halikusogea sana. Jioni wakala wali kwa furaha, na Kituo alizungumza mno, akapanga safari, akapanga nyumba.

Siku ya pili msusi ilibidi aende saluni. Bosi wake alishamwambia asipokuja asije tena. Aliondoka kwa shingo upande.

"Baba, mguu usishuke kwenye kigoda. Ukishuka, acha kila kitu."

"Mimi nipo," Kituo akasema.

Wa tano ukaingia, wa sita ukaharibika mara mbili ukaingia, wa saba ukaingia. Mashati yakawa yanaishia kwenye mfuko. Ukabaki ule mrefu, ambao prodyuza aliuweka mwisho kwa makusudi, na likabaki shati moja.

Kituo alivaa hedifoni, akafumba macho. Ubavu wa kwanza ukaja, mrefu, wa mguu mmoja: una kijikwazo kidogo kila gurudumu linapozunguka, kama mtu anayemeza mate. Alishakizoea. Akajibu. Ubavu wa pili. Akajibu. Halafu likaja kwapa la kwanza, na kijikwazo hakikuwepo. Mlio ulikuwa mzima, umejaa, ule wa miaka thelathini na mmoja.

Alijua papo hapo. Hakuna mtu duniani ambaye angejua isipokuwa yeye. Mguu wa kulia umechoka, na ameushusha wa kushoto.

Ungemuuliza wakati ule angekwambia ataacha kupiga kwenye nafasi inayofuata. Nafasi ikafika, nzuri, ya kina, akaijaza noti mbili tu, na zile noti mbili zilikuwa ndizo. Akajisemea, inayofuata. Kwenye kwapa la pili pedali ilianza kuburura. Alisikia kisigino kikichelewa kunyanyuka, kikinyanyuka kwa nguvu, kikichelewa tena, na katika kila kuchelewa kule aliona mahali pa kuweka kidole. Hakuwahi kupiga vile katika maisha yake. Nyuma ya kioo prodyuza alisimama bila kujijua. Ikaja kola, kidogo kidogo, kwa tabu, na Kituo machozi yakimshuka hadi kwenye mbao za gitaa alipiga mpaka mwisho, kwa sababu alitaka kuusikia mwisho. Alijichukia na alifurahi, vyote kwa pamoja.

Kisha sauti ya prodyuza ikaingia kwenye spika, imenywea.

"Mzee. Umeme umeyumba kwenye kola. Nusu ya mwisho haikuingia." Akakohoa. "Turudie. Moja tu."

*

Stoo ilikuwa na joto la tanuri. Fundi alikuwa akikata nyuzi zilizobaki kwenye shati lililokamilika. Kigoda kilikuwa kitupu, mto umeanguka. Mguu wa kushoto ulikuwa chini, umevimba hadi mkanda wa kandambili umezama ndani ya nyama.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia."

"Kuanzia wapi?"

"Kwapa la kwanza."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Hakumlaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. "Ulipiga vizuri leo. Nilikusikia kupitia ukutani."

"Umeme uliyumba mwishoni. Anataka tena."

"Kitambaa kimekwisha."

Kituo akaufungua mfuko. Mashati tisa, yamekunjwa, yamekamilika. Hapakuwa na hata kipande. Akasimama pale ameshika mfuko. Angeweza kurudi kwa prodyuza akamwambia basi, zichukue saba, tumeshindwa, nampeleka mke wangu nyumbani. Neno lenyewe lilimfika kooni. Nyuma yake likaja la pili: sindano zimekwisha, kesho hakuna ya kuchoma. Akageuka kumtazama Fundi ili yeye aseme, na Fundi alikuwa akimtazama yeye vilevile, akingoja.

Akakaa kwenye kigoda. Akachukua shati kutoka mapajani kwa mkewe, akalitandaza magotini. Kwenye meza ya cherehani palikuwa na wembe. Akauchukua, akautia chini ya uzi wa kola.

"Usianzie hapo, utaitoboa," Fundi akasema. "Anza na ubavu. Fumua taratibu, kitambaa bado kina nguvu ya kushonwa tena."

Akashika upande wa pili wa shati, akauvuta ukakaza, ili wembe wa mumewe upite vizuri.